Kidole Kisichotambulika

Daktari wa macho pale Daegu alinimulika mboni,
akaandika maneno marefu, akasema neno fupi:
"Tazama mbali."
Nikarudi ghorofa ya kumi na saba, nikatazama.
Mbali palikuwa na dirisha la jirani,
na ndani yake uso wa jirani, wa buluu,
umeinamia kiganja.

Kazi yangu ni kujibu.
Huyu mashine yake ya kufulia inatetemeka usiku,
yule yake imemeza soksi za mtoto,
mwingine hana shida na mashine, ana shida na dunia,
na dunia haina namba ya huduma kwa wateja,
basi ananiandikia mimi.
Madirisha sita kwa mpigo, yote yakisema: anaandika, anaandika.
Nacheka kwa herufi. Ha ha ha.
Uso wangu hauna habari.

Nimefika mahali paja langu linatetemeka
na simu iko jikoni.
Usiku mmoja niliota namsukuma mume wangu juu kwa kidole gumba
nione kilicho chini yake.

Mwezi wa kumi shangazi yake, Bong-nye, akapiga kutoka Sangju:
kibarua wake kateguka kifundo cha mkono,
na gam hazisubiri mtu.
Gam ni tunda la rangi ya kaa linalopulizwa;
likiwa gumu lina ukakasi wa kufunga ulimi,
utamu huja likishaning'inizwa na kusahauliwa.
Hakuniita nikapumzike. Aliniita nikamenye.

Kigoda, kisu kifupi, kreti hadi darini.
Siku ya kwanza nilimenya kwa kidole kilichozoea kuteleza:
ganda likakatika, likakatika, vijipandevijipande, kama habari.
Siku ya tatu lilishuka moja,
refu, lisilokatizwa,
ndipo nikagundua meno yangu ya juu na ya chini
yameachana.

Usidhani shangazi alinifundisha kitu.
Simu yake ameiegemeza kwenye debe,
anafuata tamthilia ya sehemu mia na ishirini,
machozi yanamchuruzika, kisu hakikosei.
Nilipoanza kumweleza habari za macho yangu
alisema, "Ngoja kwanza, anataka kumwambia mama yake ukweli."
Nikangoja.
Hakumwambia.
Tukamenya.

Utomvu wa gam hausikii sabuni.
Huingia katika mistari ya kidole, ukawa mweusi,
ukaziba kila kijia.
Usiku nikabonyeza simu:
"Haitambuliki."
Nikafuta kidole kwa upindo wa shati.
"Haitambuliki. Jaribu tena."
Namba ya siri naijua, ni siku aliyozaliwa mwanangu.
Sikuiandika.
Kwanza niliogopa, niliogopa kweli,
kama aliyerudi kwake usiku na mlango ukamwuliza, "Nani wewe?"
Kisha nikalala kabla sijapata jibu.

Sitasema nimepona.
Daegu ilinipokea kwa jumbe mia nne na tatu.
Utomvu ulidumu siku kumi na moja,
halafu kidole kikawa changu tena,
yaani cha simu.
Ilifunguka kwa mguso mmoja,
nami nikahisi kitu kama msiba mdogo
usio na mtu wa kunihani.

Ila dirishani nimetundika kamba,
gam thelathini na mbili,
zimesinyaa, zimejipaka unga mweupe
wa sukari iliyotoka ndani yake.
Mteja anapoandika, anaandika, anaandika,
nainua macho.
Si mbali. Ni hatua tatu.

Jana jirani naye aliinua macho.
Midomo yake ikacheza; nadhani alikuwa akihesabu.
Alipomaliza akanionyesha vidole vitatu,
kisha kimoja.

Ni kweli.
Moja nilikuwa nimeila.